Majivu ya Mtaa Mzima

Tik.

Nilifumbua macho. Giza lilikuwa bado zito, ile saa ambayo hata jogoo hajajiamini. Kukawa kimya, halafu tena juu ya kichwa changu, upande wa dirisha: tik. Binti yangu akajigeuza ubavuni kwangu, akauliza kwa sauti ya usingizi ni nani anagonga. Nikamwambia hakuna anayegonga, ni bati la paa. Mchana kutwa limekunywa jua, sasa baridi ya alfajiri imelikamata, linajikunja. Akawaza kidogo. Ana miaka sita, na jambo haliachi mpaka alipe jina. Akasema basi bati linalia. Nikamwambia ndiyo, chuma kikipozwa ghafla kinalia. Akaridhika, akalala tena, mguu mmoja juu ya tumbo langu kama alivyozoea.

Mimi usingizi uliniruka. Maneno niliyomwambia mtoto yalinirudia mwenyewe. Sauti ile ile nilikuwa nimeisikia jana jioni karakana, kutoka kwenye kazi ya mikono yangu, nami nikajifanya sikuisikia.

Nilikuwa nimebakiza siku nne kutimiza miezi mitatu ya majaribio kwa Fundi. Karakana yake ni chumba kimoja kirefu chenye mlango wa mbele na mlango wa nyuma, upepo unapita katikati kama mpangaji. Ukutani kuna misumari mitatu. Kwenye wa kwanza kinaning'inia kinyago cha Fundi, kile cha kioo cheusi cha kukinga macho na moto wa kuchomelea. Wa pili ni wa kinyago cha fundi wa pili, kijana mwenye maneno mengi anayeitwa Cheche. Wa tatu ulikuwa na brashi ya rangi, na brashi ilikuwa yangu. Makubaliano yalikuwa mepesi: miezi mitatu nipake rangi mageti na kusugua kutu, nichomelee vitu vidogo chini ya jicho la Fundi, kisha yeye aseme kama kwenye msumari ule kitaning'inia kinyago au itabaki brashi.

Mwaka mzima nilisoma darasa la jioni kwa ajili ya kinyago kile. Nilikuwa namwachia mama yangu mtoto akiwa ameshakula, narudi nikimkuta amelala na kalamu ya rangi mkononi. Cheti ninacho, kiko ndani ya bahasha chini ya godoro. Ila darasani tulichomelea chuma laini tu, hiki cha mageti na madirisha, kwa sababu ndicho kilichokuwepo. Vyuma vingine tulisomeshwa ukurasa mmoja. Umeme ukakatika katikati ya ukurasa, mwalimu akafunga kitabu na kutuambia mengine tutayakuta kazini.

Nimeyakuta.

Hiyo jana, Alhamisi, alikuja mama mmoja, mwenyekiti wa kikundi cha kufyatua matofali kule bondeni, mpana wa mabega, mwenye kicheko kinachoingia mlangoni kabla yake. Alibeba mkono wa mashine yao begani kama mwenge. Mashine ya kufyatulia ni sanduku la chuma: udongo unajazwa ndani, mkono mrefu unavutwa chini kwa nguvu zote, tofali linabanwa. Mwisho wa mkono kuna kipande chenye tundu, wanakiita sikio, ndimo pini inamopita. Sikio lilikuwa limekatika. Fundi alikuwa juu ya paa la mtu, Cheche alikuwa amejipenyeza kati ya nondo za geti kubwa mpaka kiunoni. Nikasema nitafanya mimi. Ni sikio tu, nilijiambia, na mimi nimechomelea bawaba zisizo na idadi.

Nilikata sikio jipya, nikalibana mahali pake, nikachomelea. Mshono ulitoka mzuri, umejipanga kama ukili. Mwenyekiti alikuwa amesimama mlangoni anabadilisha mguu, anasema udongo wake unakauka, na mimi saa ya kumchukua mtoto ilikuwa imenifikia shingoni. Nikafanya ninachofanya kila asubuhi jikoni. Uji wa mtoto ukiwa wa moto na muda umekwisha, kikombe nakitumbukiza kwenye beseni la maji, nakizungusha, dakika mbili anakunywa. Nikaushika mkono kwa koleo, nikauchovya kwenye pipa la maji. Ukafoka mvuke. Na ndani ya ule mvuke nikasikia: tik.

Niliukagua kwa jicho la mtu mwenye haraka. Sikuona kitu. Nikapaka rangi juu.

Ijumaa, ile ile niliyoianza kwa kusikiliza bati, kabla ya saa nne Mwenyekiti alikuwa mlangoni tena. Safari hii kicheko hakikumtangulia. Nyuma ya kanga yake kulikuwa na tope bichi lenye umbo la kukaa chini. Akaweka mkono mezani kwa Fundi, kando yake akaweka sikio langu, limekatika safi pembeni mwa mshono.

"Fundi, umenitengenezea sikio au biskuti?"

Alisimulia yote mbele ya wateja wengine wawili. Matofali kumi yalitoka vizuri. Kwenye la kumi na moja alikuwa amening'inia kwenye mkono kwa uzito wake wote, ukakatika, akaketi kwenye udongo na kikundi chote kikacheka hadi wakashika mbavu. Kisha wakaacha kucheka, kwa sababu kile kipande kilipita karibu na sikio la mwenzao, sikio la nyama, na kikagonga ukuta. Alipofika hapo sauti yake ilishuka. Mimi nilitazama brashi yangu.

Fundi si mtu wa kupayuka. Ni mtu wa kunywa chai ya moto kimya kimya kwenye kibanda cha nyuma, na ukikosea anakunywa taratibu zaidi. Aligeuza kipande kile juani muda mrefu, akanionyesha: mpasuko ulikuwa mwembamba kama unywele, umetembea kando ya mshono wangu, na ndani yake rangi ilikuwa imeingia. Maana yake ulikuwepo tangu jana, kabla sijapaka. Ulikuwepo tangu ile tik.

"Mwanangu, ulikiuliza hiki ni chuma gani?"

Nikamwambia ukweli kwamba sikukiuliza. Akamwahidi Mwenyekiti kwamba mkono utakuwa tayari Jumatatu saa sita mchana, na kwamba atautengeneza yule yule aliyeuharibu. Mwenyekiti akanitazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwani. Akasema sawa, ila Jumatatu atakuja na mashine nzima na udongo wake, na mkono hautatoka pale bila kufyatua matofali zaidi ya kumi na moja. Alipoondoka, Fundi alinyanyua kikombe chake. Jumatatu ndiyo siku ya mwisho ya miezi yangu mitatu, akanikumbusha, kana kwamba nilikuwa na kitu kingine kichwani. Mkono ukishika, msumari wa tatu ni wangu. Usiposhika, brashi ipo, na rangi haiishi duniani.

Cheche alisubiri Fundi aingie kibandani ndipo akaniita. Yeye ananiita Bi Daftari, kwa kuwa kila ninachoambiwa nakiandika.

"Fungua ukurasa mpya, Bi Daftari," alisema. "Kila chuma kina cheche zake."

Akawasha grenda, mashine ya kusagia chuma. Kwanza akagusisha kipande cha geti: cheche zikatoka ndefu, nyekundu, zimenyooka kama mabua, zikaisha bila fujo. Kisha akagusisha mkono wa Mwenyekiti. Nilirudi nyuma hatua moja. Cheche zilitoka fupi, nyeupe, na kila moja ikapasuka ikazaa nyingine, kama mtu ametupa kiganja cha nyota. Akanieleza kwa kupiga kelele juu ya grenda kwamba hiyo ni kaboni, na kwamba mkono huu ulikatwa kwenye springi ya lori. Springi inabeba mizigo barabarani miaka na miaka bila kulalamika, lakini ukiichomelea kwa baridi na kuipoza kwa haraka inageuka glasi pembeni mwa mshono. Nikamuuliza mbona hakunizuia jana. Akasema alikuwa ndani ya geti, na hata hivyo nilionekana ninajua.

Hilo lilinichoma kuliko biskuti ya Mwenyekiti. Nilikuwa nimejitahidi miezi mitatu nionekane ninajua.

Jumamosi nilifika kabla ya mlango kufunguliwa. Nilimwomba Fundi vipande vya springi kutoka rundo la chakavu, akanielekeza kwa kidevu. Nikavipitisha kimoja kimoja kwenye grenda hadi nikapata saba vyenye cheche za nyota. Nikaandika daftarini: kitu cha kwanza, uliza. Vijiti vya kuchomelea nilichukua kwenye jokofu bovu la Cheche, ambalo ndani yake inawaka taa usiku na mchana ili vijiti vikae vikavu. Vijiti vikinyonya unyevu, mshono unameza maji na baadaye unapasuka. Wageni hucheka wakisikia karakana ina jokofu la kupasha joto. Siku hiyo sikucheka, nilivihesabu vijiti vile kama vidonge vya mgonjwa.

Jambo la pili lilikuwa kukipasha chuma kabla ya kukichomelea. Nilikilaza kwenye jiko la mkaa, lakini kitajulikanaje kimefika joto linalofaa? Cheche akasema yeye anakisia tu kwa joto linalompiga usoni. Mimi uso wangu haujasomea. Nikatumbukiza kidole kwenye maji, nikadondosha tone juu ya chuma. Likakaa, likachemka pale pale. Nikangoja. Nikadondosha tena, na safari hii tone likajiviringa, likakimbia juu ya chuma kama ushanga na kuanguka pembeni. Hilo nalijua tangu utotoni. Mama yangu alinifundisha kwenye kikaango, tone likicheza ndipo unamimina. Fundi alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda na kikombe chake. Chai hakuinywa.

Kipande cha kwanza nilikipasha, nikakichomelea, nikakiweka mezani kipoe chenyewe. Upepo ukapita mlango hadi mlango. Nilikuwa nimekiinamia, sikio karibu, na baada ya muda usiotosha kula chungwa: tik. Nikakibana, nikakipiga nyundo. Pigo moja, kikakatika. Cha pili nilikifunika kwa gunia. Mapigo mawili, na gunia likaungua. Cha tatu nilikifukia mchangani, kikahimili matatu. Wateja waliopita waliniuliza kwa nini natengeneza vitu ili nivivunje, na Cheche akawajibu kwamba huyu ana hasira za nyumbani. Cha nne kilinivunja moyo, maana kilipasuka kabla sijakipiga, na nilijua sababu: niliharakisha kukipasha. Cha tano, jioni, nilikizika kwenye majivu ya jiko la chai la Fundi. Yalikuwa kidogo, yanajaza kopo moja tu, kipande kilijitokeza ncha kama mtoto aliyekua kuliko blanketi lake. Lakini nilipokitoa na kukipiga nilihesabu mapigo tisa. Tisa. Nikaandika tarakimu ile kubwa, nikaizungushia duara.

Kwa hiyo nilihitaji majivu, na mengi.

Nyumbani mama yangu alikuwa anafukia makaa ya usiku. Tangu nizaliwe namwona akifanya hivyo: anayakusanya makaa mekundu katikati ya jiko, anayafunika majivu, asubuhi anafukua na moto upo, anaupuliza tu. Nikachuchumaa pembeni yake kama mgeni. Nikamuuliza kwa nini hayazimiki. Akanitazama kwa huruma ile anayowatunzia watu waliosoma.

"Majivu lazima yawe makavu na yawe ya moto," alisema. "Ya baridi yanaiba."

Nikaandika na hilo. Mama akauliza kama cheti changu kilikuwa hakina habari za majivu. Nikamwambia umeme ulikatika.

Jumapili nilizunguka na ndoo mbili. Binti yangu alibeba kopo lake, akakataa kubaki. Mlango kwa mlango tuliomba majivu, na mlango kwa mlango tulijibiwa kwa utani. Mmoja aliuliza kama nafungua shamba. Mwingine alidhani nimekosana na sabuni. Muuza chipsi wa kona alinipa gunia zima la jikoni kwake, akasema alikuwa anatafuta mtu wa kumtupia siku nyingi, na akanitakia ndoa njema na takataka zake. Jirani yangu wa ukuta, anayejua kila kitu, aliwatangazia wengine kwamba nimefukuzwa kazi na sasa nafanya usafi wa majiko. Sikumsahihisha. Binti yangu ndiye aliyemwambia kwamba ni blanketi la chuma. Jioni tulichekecha yote kwa chekecheo bovu uani, tukaondoa mawe, misumari na vipande vya makaa, hadi yakabaki laini kama unga, na sisi wawili tukabaki tunaonekana macho tu. Mama alipotuona aliweka maji ya kuoga motoni, mabega yake yakitikisika kwa kicheko.

Jumatatu, mwanga ulipoanza tu kupenya, mwenye mkokoteni wa mtaani alinisaidia kufikisha magunia matatu karakana. Nilikata pipa katikati, nikalijaza, nikaliweka juu ya mkaa majivu yashike joto hadi chini. Mkono wa Mwenyekiti niliusaga pale palipopasuka, nikaondoa kila uzi wa ufa, nikakata sikio jipya. Kipande cha sita nilikitumia kuuzoesha mkono wangu kabla ya kazi yenyewe. Cha saba nilikiacha.

Saa mbili tone la maji lilicheza juu ya springi. Nikashusha kinyago cha kuazima, kile cha akiba cha karakana.

Ndani ya kinyago dunia inakuwa ndogo sana. Kuna kijiziwa kimoja cha mwanga cha ukubwa wa punje ya mahindi, na kazi yako ni kukitembeza bila kukiacha kikimbie. Nilichomelea kipande kifupi, kama urefu wa kidole gumba, nikasimama, nikaugongagonga mshono kwa nyundo ndogo ungali wa moto ili ulegee, nikarudi upande wa pili. Mara mbili nilisimama na kudondosha tone, na mara ya pili likakaa, kwa hiyo nikairudisha kazi yote motoni ingawa moyo ulikuwa unaniambia malizia tu. Nilipofika mwisho nguo zilikuwa zimenigandia mgongoni. Nikaushika mkono kwa koleo, nikapita mbele ya pipa la maji bila kuligeukia, nikauzika sikio kwanza ndani ya majivu, nikafunika juu, nikafunika tena.

Ilikuwa saa nne. Nikaweka kiganja juu ya majivu, nikajua kitu ambacho sikuwa nimekipigia hesabu: saa sita hautakuwa umepoa. Jioni labda.

Mwenyekiti alifika dakika kumi kabla ya muda, na wenzake wawili, na mashine juu ya mkokoteni, na udongo kwenye karai. Alikuwa amevaa kanga safi kabisa. Akauliza mkono wake uko wapi. Cheche akamwonyesha pipa, akasema umelala. Mwenyekiti akaingiza mkono kwenye majivu, akautoa haraka akipuliza vidole, akasema lakini maji yale pale, si uchovye tuondoke, au kazi ya hapa ni kupika viazi.

Fundi akatoka kibandani. Alitazama saa yake.

"Nilisema saa sita."

Nilikuwa nimeshika koleo. Nakumbuka uzito wake, na kwamba msumari wa tatu ulikuwa nyuma ya bega lake na brashi ilikuwa inaonekana vizuri. Ingekuwa rahisi. Ungetoka, ungefoka kidogo, ningepaka rangi, saa sita ileile ningekuwa nimetimiza neno la Fundi. Labda hata matofali kumi na moja yangetoka. Labda sikio lingekatika kwenye la ishirini, jioni, bondeni, na kipande kingeruka, na safari hii ukuta usingekuwa nyuma ya mtu.

"Saa sita ukitoka utavunjika, Fundi," nilisema. "Hautoki. Kama ni brashi, nitachukua brashi, lakini hautoki."

Mmoja wa wale wanawake wawili, mwembamba, aliniuliza kwa hiyo utatoka saa ngapi. Nikamwambia nikiweza kuushika kwa kiganja kitupu. Akamgeukia Mwenyekiti, akamwambia kwa upole kwamba sikio lililokoswa lilikuwa lake, na yeye angependa kusubiri.

Mwenyekiti akavuta kibao, akakaa, kanga safi na yote. Akasema kama ni hivyo basi na chai ije. Fundi alinitazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kunitazama. Kisha akaenda kuchota chai mwenyewe.

Wakakaa mchana kutwa. Sijawahi kuona wateja wakichunga pipa. Walisimulia habari za waume, za udongo mbaya na mzuri, walimtania Cheche kuhusu jokofu lake hadi akaishiwa majibu, jambo ambalo sikuwahi kulishuhudia. Mimi nilipaka rangi geti, kwa kuwa lilikuwepo, na kila nilipopita niliinama kwenye pipa nikasikiliza. Saa tisa mama alikuja na binti yangu kutoka shule, na sare yake. Mtoto akaenda moja kwa moja kwenye pipa, akalaza shavu karibu na ukingo, mikono nyuma kama daktari. Mwenyekiti akamuuliza anasikiliza nini. Akamjibu kwamba chuma kikipozwa ghafla kinalia, na hiki kiko ndani ya blanketi, anasubiri kama kitalia. Baadaye nilimwona Mwenyekiti naye ameinamisha kichwa kidogo upande ule.

Saa kumi na moja kasoro niliingiza kiganja kitupu kwenye majivu, nikaushika mkono, nikaweza kuushikilia. Ulikuwa vuguvugu, kama mtoto aliyetoka usingizini. Nikausugua kwa brashi ya waya na kuupeleka kwenye mwanga. Fundi akaja na miwani yake ya kusomea, akapitisha ukucha pembeni mwa mshono, taratibu, upande huu na upande ule. Akamrudishia Mwenyekiti. Sikupaka rangi. Nilitaka kila mtu auone ulivyo.

Wakaupachika kwenye mashine, pini ikapita. La kwanza Mwenyekiti alivuta kwa tahadhari, mwili mbali. Wakalitoa tofali, wakaliweka chini. La pili, la tatu. Kufikia la sita alikuwa amerudia nguvu zake. La kumi, wote tulikuwa tumeizunguka mashine. Kwenye la kumi na moja alining'inia kwenye mkono kwa uzito wote wa mwili wake, miguu ikaacha ardhi, na yule mwembamba akamwongezea uzito wake juu, kwa makusudi, akinitazama mimi. Mkono ukapinda kidogo kama springi inavyopinda, ukashuka, ukabana, ukarudi.

Wakafyatua na la kumi na mbili, na la kumi na tatu. Udongo ukaisha karaini.

Fundi alienda ukutani. Akaitoa brashi kwenye msumari wa tatu, akampa Cheche, akamwambia geti lile linahitaji mkono wa pili wa rangi. Cheche akaipokea kama mtu aliyekabidhiwa samaki. Msumari ukabaki mtupu, na mimi nilikuwa bado na kile kinyago cha kuazima mkononi, sijui nikiweke wapi, hadi Fundi aliponionyesha kwa kidevu.

Nilipokiangika niligeuka kumtafuta mtoto. Alikuwa amepiga magoti kando ya mashine, magoti ya sare ndani ya majivu, sikio lake limegusa mshono. Watu wote walikuwa wanamngoja yeye sasa, hata Mwenyekiti, aliyekuwa bado anahema. Alikaa hivyo akisikiliza kwa muda. Kisha akainua uso.

"Mama, hakijalia."